Oahu: kisiwa kinachoishi kwa maji yaliyo ndani ya mwamba

Volkano ya Kilauea, hapa Hawaii, ikilipuka na picha zikafika kwenye taarifa ya habari, simu yangu haitulii. Mama mdogo anapiga kutoka Marangu, shemeji anapiga kutoka Moshi mjini: mko salama? Tuko salama. Kilauea iko kisiwa kingine kabisa, zaidi ya kilomita 300 kusini-mashariki ya hapa. Mimi naishi Oahu, kisiwa chenye Honolulu, na ndicho chenye watu: sensa ya 2020 ilihesabu 1,016,508, yaani karibu saba kati ya kila kumi wa jimbo zima la Hawaii. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,545, pungufu kidogo ya Unguja. Wengi wetu tunaijua Honolulu kwa sababu Barack Obama alizaliwa hapa mwaka 1961, baba yake akiwa mwanafunzi kutoka Kenya, na habari inaishia hapo na kwenye ufukwe wa Waikiki. Mimi nataka kuwaeleza habari ya maji. Usipoyajua maji ya Oahu, hutaelewa kisiwa hiki kilivyoumbika wala kilivyochukuliwa.

Volkano zilizokijenga zimekwisha kuzima. Ya Waianae, upande wa magharibi, ndiyo kongwe. Ilichomoza baharini karibu miaka milioni nne iliyopita, na kilele cha Kaala kilichobaki kina mita 1,220 na ushee. Ya Koolau ikafuata upande wa mashariki, kisha ikapatwa na jambo ambalo kila nikilifikiria nashangaa upya: nusu yake ilimeguka ikaporomokea baharini. Ni moja ya maporomoko makubwa kabisa yanayojulikana duniani, na mabonge yake, mengine makubwa kama milima, yako chini ya bahari mpaka leo. Ukuta wa kijani unaouona ukisimama Nuuanu Pali, ukingo wa genge juu ya Honolulu, ni kile kilichobaki, kikachongwa na mvua. Muda mrefu baadaye milipuko midogo ikaacha vilima kama Diamond Head na Punchbowl. Ndani ya kasoko ya Punchbowl sasa kuna makaburi ya wanajeshi, tangu 1949.

Huko kwetu upepo una zamu, kaskazi na kusi. Hapa karibu mwaka mzima unavuma kutoka kaskazini-mashariki, unagonga Koolau, unapanda na kumwaga mvua. Juu ya mgongo wa mlima mvua inapita milimita 5,000 kwa mwaka. Ufukweni Waianae ni kama 500 tu. Naishi Kaneohe na kazi yangu iko Honolulu. Asubuhi naondoka waipa za gari zikifanya kazi, napita handaki la Pali, nikifika mjini barabara ni kavu na watu wamevaa miwani ya jua.

Ile mvua haikimbilii yote baharini. Mwamba wa volkano una matundu na nyufa, maji yanazama taratibu, mengine yanazuiliwa ndani ya mlima na kuta za mwamba mgumu zilizosimama wima, mengine yanashuka mpaka yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu yake. Watu wa idara ya maji husema safari hiyo ya tone la mvua huchukua kama miaka 25. Hayo ndiyo tunayokunywa, na ukivuta kwa pupa chumvi inapanda.

Wahawaii waliijua thamani hiyo kabla ya pampu. Waligawa kisiwa kwa vipande vinavyoanzia mlimani hadi kwenye miamba ya baharini, kila kipande kikiitwa ahupuaa, ili kila jamii ipate kuni za juu, mashamba ya katikati na samaki wa chini. Chakula chao kikuu ni magimbi, haya haya tunayoyajua. Tofauti ni kwamba wanayalima majini. Nimeingia kwenye shamba la namna hiyo huko Waiahole: tope linafika magotini, maji ya mto yanaingia kwa pembe moja na kutokea pembe nyingine, baridi ya mlimani kabisa. Wanakata kichwa cha gimbi pamoja na kipande cha bua na kukichomeka kwenye tope. Maji yakishapita shamba yanarudi mtoni, kwa sababu kuna jirani chini. Mtu aliyekulia kando ya mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga, hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Mfereji si mali ya aliye juu.

Mwaka 1795 Kamehameha, mtawala wa kisiwa kikubwa cha Hawaii, alitua Oahu na mizinga, akawasukuma wapiganaji wa Kalanikupule, mtawala wa Oahu, kupanda bonde la Nuuanu mpaka ukingoni mwa Pali, na wengi walianguka genge lile. Ufalme mmoja ukazaliwa. Lakini wageni walikwisha kuingia tangu James Cook mwaka 1778, na magonjwa yao yalifyeka watu. Ndui ya 1853 peke yake iliua maelfu. Ugawaji wa ardhi wa 1848 ulifungua mlango wa kuiuza, na mkataba wa 1875 ukaruhusu sukari iingie Marekani bila ushuru. Hapo ndipo hesabu ikabadilika. Januari 17, 1893, wafanyabiashara na wenye mashamba, wakiwa na askari wa Marekani walioteremshwa melini, walimpindua Malkia Liliuokalani. Mwaka 1895 alifungwa chumbani katika kasri lake mwenyewe la Iolani. Marekani ilivitwaa visiwa vyote 1898, na ikaomba radhi rasmi 1993. Ardhi haikurudi pamoja na radhi hiyo.

Sukari ina kiu kali, na tambarare nzuri ya Ewa ni kavu. Kisima cha kwanza cha kuchimba kilitoa maji huko 1879. Hakikutosha. Wakatoboa handaki kupita chini ya Koolau, na kuanzia 1916 maji ya mito ya Waiahole yakavutwa kwenda upande mkavu. Vibarua walitoka China, Japani, Ureno, Korea na Ufilipino, na wajukuu wao ndio majirani zangu leo. Upande wa mvua, mashamba ya magimbi yalikauka. Kampuni ya sukari ilipofunga 1995 wakulima walidai maji yao, na mwaka 2000 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba maji ni amana ya umma. Sehemu yake ilirudi mitoni. Lile shamba nililoingia linanyweshwa na mto huo.

Halafu kuna Red Hill. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la wanamaji lilichimbia matangi 20 ya mafuta ndani ya kilima, mita 30 tu juu ya maji ya kunywa. Novemba 2021 mafuta ya ndege yaliingia kwenye kisima cha jeshi. Watu wapatao 93,000 walikuwa kwenye mtandao huo, na familia zikafungua bomba na kusikia harufu ya mafuta. Idara ya maji ya Honolulu ilifunga kisima chake kikubwa cha Halawa kwa hofu. Ilibidi watu waandamane ndipo amri ya kuyafunga matangi ikatoka Machi 2022, na mafuta yakaanza kutolewa Oktoba 2023. Kwa maoni yangu amri hiyo ilichelewa miaka mingi, maana hatari ilijulikana.

Jambo linalonipa moyo liko karibu na kwangu, bwawa la samaki la Heeia, la miaka kama 800, lenye ukuta wa mawe wa kilomita mbili hivi. Milango yake ina fito zilizopangwa ili samaki wadogo wapite kuingia, na wakinenepa ndani wasiweze kutoka. Mafuriko ya 1965 yaliubomoa ukuta, na mikoko iliyoletwa na wageni ikaota juu yake; huku mikoko ni mti mgeni, hivyo tunaikata. Pengo kubwa lilizibwa mwaka 2015 kwa mikono ya watu wa kujitolea. Baadhi ya Jumamosi wanapokea yeyote, mnajipanga mstari na kupitishiana mawe. Ukipita Honolulu, acha Waikiki asubuhi moja, vuka Pali uje, na vaa viatu vya kulowa.