Siku moja Rondo: nyavu, pete na ndege wa gramu kumi

Kazi inayonilisha ni cherehani, Lindi mjini. Hii ninayoisimulia leo hainiingizii hata mia. Kila mwaka, mwisho wa Machi kuingia Aprili, nafunga kibanda, napanda Hiace mpaka Mtama, kisha bodaboda mpaka juu Rondo kwenda kujitolea kwenye kazi ya kuwavisha ndege pete zenye namba mguuni, ili wakinaswa tena wajulikane. Mume wangu alishaacha kuuliza. Wateja ndio bado wanauliza.

Huko Ulaya wakati huu baridi inaisha, miti inachipua, na watu wa kazi kama hii wanatega nyavu kuwapokea ndege wanaorudi. Sisi tuko mwanzo wa safari hiyohiyo. Wao wanapokea, sisi tunasindikiza.

Saa kumi na nusu alfajiri

Tumepanga chumba kwa mama mmoja kijijini. Chai ya rangi iko kwenye chupa tangu usiku, mihogo ya kuchemsha imepoa kwenye sufuria. Tuko wanne: dada mwenye kibali, ambaye ndiye anayejibu kwa kila ndege tunayemshika, kijana wa chuo anayejifunza, mjomba anayetuongoza msituni, na mimi. Mjomba si ndugu yangu wa damu, ila mtu wa umri wake huku haitwi jina lake hivihivi.

Rondo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo huingii na nyavu kwa kujisikia tu. Karatasi za vibali zimo kwenye mfuko wa plastiki na haziachwi nyumbani, maana mtu akikukuta alfajiri msituni na nyavu hawezi kudhani umekuja kwa mema. Hata mimi nisingedhani.

Njiani tunawasikia komba. Yupo komba mdogo sana aliyepewa jina la uwanda huu, komba wa Rondo, gramu 60 hivi mtu mzima, uzito kama wa yai la kuku wa kisasa. Dada anasimama kidogo kuwasikiliza kila siku. Mjomba hasimami, yeye amekua nao.

Saa kumi na mbili kasorobo

Tunafungua nyavu. Wavu mmoja una urefu wa mita 12 na kimo cha mtu aliyenyoosha mkono juu, uzi mweusi mwembamba, matundu yasiyopitisha hata kidole gumba. Umepitishiwa kamba tano zilizofungwa kwenye miti miwili, na kati ya kamba na kamba wavu unaachwa ulegee ili uning'inie kama mfuko. Ndege hauoni, anaugonga, anatumbukia mfukoni, anatulia hapo. Ukiukaza sana anadunda na kwenda zake. Ukiulegeza sana anajizungusha mpaka unatamani kulia.

Kamba ya chini kabisa tunaipandisha juu ya majani kwa sababu ya siafu. Ndege aliyenaswa karibu na ardhi siafu wakipita hana pa kukimbilia. Mjomba hutangulia na tochi, anamulika chini kila mstari, na akisema "hapa leo hapana", wavu ule haufunguliwi, hata kama ndio unaoshika kuliko yote. Hakuna anayebishana naye.

Tunazo nyavu sita, na zinasimama palepale zilipokuwa mwaka jana na mwaka juzi. Kijana alipendekeza tuhamishe mmoja kuupeleka kwenye mti wenye matunda, tupate ndege wengi zaidi. Dada akamwambia, "Ukihamisha wavu, mwakani utasema ndege wameongezeka, kumbe wewe ndiye uliyehama." Hilo ndilo watu wengi hawalielewi. Nikirudi mjini naulizwa, "Mlikamata wangapi?" Hakuna anayeuliza nyavu zilikuwa mita ngapi na zilikaa wazi saa ngapi, na bila hayo mawili idadi ya ndege ni porojo.

Saa kumi na mbili na nusu

Jua limechomoza sasa hivi. Raundi ya kwanza: popo mmoja, ambaye dada humtoa mwenyewe akiwa na glavu nene, na shore wawili wakali. Shore ana tabia ya kushika uzi kwa kucha na kukataa kuachia. Nyavu nne hazina kitu. Tunaandika "hakuna", na ile nayo ni taarifa.

Saa moja na dakika kumi

Hapa ndipo vidole vya fundi vinapopata heshima yake. Kurumbiza, yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa, amenasa vibaya: uzi umepita chini ya ulimi. Ulimi wa ndege nyuma una vincha vidogo vilivyoelekea kooni, kwa hiyo ukivuta uzi mbele unamchana. Unausukuma nyuma kwanza, kisha unaunyanyua juu ya ncha kwa sindano ya kroshia. Kabla ya hapo unatafuta aliingilia upande gani, unatoa miguu, halafu mabawa, kichwa mwisho. Ni sawasawa na kufumua mshono bila kukata kitambaa, isipokuwa kitambaa hiki moyo wake unauhisi ukidunda kwenye kiganja.

Ametoka. Kumbe mguuni tayari ana pete, tena kuukuu, namba zimesagika. Dada anaisoma kwa kioo cha kukuzia, anamtajia kijana tarakimu moja moja, kijana anazirudia. Jioni tutamtafuta kitabuni.

Kila ndege anawekwa kwenye mfuko wake wa kitambaa. Mifuko hiyo naishona mimi, ya marekani iliyofuliwa mara kadhaa mpaka ikalainika, na mishono naiacha nje. Ile ya kwanza niliyoikuta ilikuwa imeshonwa kama foronya, nyuzi zote ndani, na kucha za ndege zikawa zinanasa humo. Waliileta kutoka mbali, nasikia kwa bei nzuri. Sikusema kitu, nilishona mingine.

Saa mbili na nusu

Wavu namba nne. Kama ningekuwa na saa moja tu ya kumwonyesha mtu kwa nini naacha biashara yangu, ningechagua hii.

Walikuwamo wawili, hawajaachana hata mita. Wa kwanza mweusi na mweupe, ana barakoa nyeusi machoni na mkanda mweusi kifuani, dume. Kwenye fomu tunamwandika kwa jina la kisayansi, *Batis reichenowi*. Anaishi kwenye misitu ya pwani ya kusini mashariki mwa Tanzania, yaani kwetu huku Lindi na Mtwara, na kwingine duniani hutampata. Aliandikwa kisayansi mwaka 1911 na Mjerumani, Hermann Grote, aliyekuwa akikusanya ndege upande wa Mikindani.

Wa pili wa kijani iliyofifia, tumbo la manjano hafifu, mstari mwembamba juu ya jicho. *Phylloscopus trochilus*. Ukimwona kichakani hutamtazama mara mbili. Huyu anazaliwa Ulaya ya kaskazini, wengine mpaka Siberia, anashuka kwetu miezi ya Oktoba na Novemba, na sasa anarudi.

Mezani, chini ya turubai, dada anamshika shingo katikati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo kwenye kiganja. Pete ya alumini inafungwa kwa koleo lake maalumu, mibano miwili, inazunguka mguuni bila kubana. Uzito wake haufiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Bawa: milimita 68. Kisha anampuliza kifuani. Manyoya yanafunguka, na chini ya ngozi, kwenye kishimo cha chini ya shingo, panaonekana mafuta ya manjano yaliyojaa mpaka yamevimba. Mizani: gramu 11.4. Akiwa hana mafuta angekuwa na gramu nane au tisa. Hayo mafuta ndiyo nauli yake, na ameyapata kwa wadudu wa hapahapa.

Dada akanyoosha bawa kunionyesha manyoya. Yote mapya, kingo zake nzima, hakuna lililochakaa. Ndege huyu ana ajabu ambayo ndege wengi hawana: anabadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka, mara moja kule anakozaa na mara moja Afrika. Kwa hiyo yale anayorukia kuvuka Sahara na bahari yameota huku. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, nikamwambia dada, "Basi suti yake ya safari imeshonwa kwetu." Tangu hapo kijana ananiita fundi wa ndege.

Yule wa kwanza, mweusi na mweupe, alipimwa pia, akavishwa pete, akaachiwa, akaenda kutua kwenye mti wa jirani na kuanza kutugombeza. Huyu maisha yake yote hayavuki wilaya chache. Ukikata msitu huu hana Ulaya ya kukimbilia. Na Rondo imekatwa: mvule ulivunwa sana enzi za mkoloni, sehemu nyingine ikapandwa miti ya mbao. Yaliyobaki ndiyo yake.

Saa nne kasoro

Watoto wawili wamekuja na bibi yao aliyekuwa anakwenda shambani. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza kama tunawala. Mjomba akamjibu kwa Kimwera, wakacheka wote wawili, na hakuna aliyetufasiria.

Mtoto mkubwa akauliza, "Akifa huko mbali, nyie mtajuaje?" Nikamwambia pete ina namba na anwani, anayeiokota akiwa mwema ataandika barua. "Na asipookota mtu?" Mara nyingi haiokotwi, nilimwambia ukweli. Kwa ndege wadogo namna hii zinazopatikana ni chache mno. Lakini mwaka uleule wa 1911, Mwingereza John Masefield alimvisha mbayuwayu pete nyumbani kwake Cheadle, na Desemba 1912 mbayuwayu yule akapatikana Natal, Afrika Kusini. Ndege mmoja, barua moja, na ikajulikana mbayuwayu wa Uingereza wanakwenda wapi. Mtoto akatafakari, akauliza kama barua ililipwa.

Saa tano

Tunafunga nyavu. Joto limepanda, na ndege kwenye jua kali hakai wavuni salama. Tunaandika: nyavu mita 72, zimekaa wazi kwa muda wa saa tano na robo. Wingu limesimama upande wa baharini.

Mvua ilitukuta mlangoni. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, usingizi. Sina la kuongeza kuhusu saa hizo, ila kwamba bati likipigwa na mvua ya Rondo hata simu ikiita husikii.

Saa kumi jioni

Jioni hatutegi, tunahesabu kwa masikio. Unasimama kwenye alama dakika kumi, unaandika kila unayemsikia na umbali wake kwa makisio, unasogea alama inayofuata. Mjomba hapa ndiye profesa. Mimi nasikia kelele, yeye anasikia mlamba, tiva, na hondohondo anayelia kama mtoto mchanga. Ananinong'oneza, "Mwanangu, yule chini ni kororo, usimwandike mara mbili, anatembea." Kweli, baada ya dakika moja kundi la kororo likavuka njia, vichwa vimetimka nywele.

Juu wakapita keremkerem wa Ulaya, wengi, wakielekea kaskazini huku wakiitana. Kijana alitaka kuwahesabu kwa simu, picha ikatoka anga tupu.

Sehemu hii ya kazi haipigwi picha, na wanaojitolea kwa mara ya kwanza huichoka haraka kwa kuwa hakuna cha kushika mkononi. Mimi naiona ndiyo bora. Wavu unashika wanaoruka chini. Wa juu kwenye vilele, bila sikio, wangekuwa kama hawapo.

Saa moja usiku

Kuna taa ya sola na daftari mbili. Mmoja anasoma, mwingine anaandika, halafu tunabadilishana na kusoma upya, maana tarakimu moja ikikosewa ndege anakuwa mwingine. Kurumbiza wa asubuhi amepatikana kitabuni: alivishwa pete misimu kadhaa iliyopita, akiwa tayari mtu mzima, wavu uleule, mstari uleule wa fomu unaosema "kulia mwa mbuyu". Dada akagonga meza kwa kidole. Ndiyo faida ya kutohamisha wavu, alimwambia kijana, bila kumtazama.

Karatasi tunazipiga picha, mjomba anazipeleka kwenye mwembe ambako mtandao unashika. Mimi nimebaki na wavu namba mbili, ambao kororo mmoja aliupita na kuacha tundu la kupitisha kichwa. Kuziba tundu la wavu huu hakutaki fundo kubwa, ndege ataliona. Unafuata matundu ya jirani mojamoja, uzi uleule, ukaze uleule.

Simu yangu nayo imepata mtandao kwa muda. Mteja wa sare za shule anauliza zimefikia wapi. Nimemjibu Jumatatu.