Kununua kwa Hofu

Katika kabati la dadangu, huko Kisauni, zimo doti za leso ambazo hazijakatwa wala kupindwa, zimekunjwa vilevile zilivyotoka madukani Biashara Street, na nyingine amezisukuma chini ya godoro kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuzichukua. Mshahara wake hauvuki katikati ya mwezi. Ameniruhusu niyaandike haya.

Jamaa humwita mbadhirifu, na mashangazi humkumbusha kila mara kwamba israfu ni haramu, jambo ambalo yeye analijua vyema. Lakini nasaha hiyo haigusi chanzo. Tulipokuwa wadogo, baba alikuwa akiishiwa na pesa huchukua chochote kilichomo ndani akakiuza: redio, sufuria za mama, na mwaka mmoja nguo za Idi ambazo dadangu alikuwa bado hajazivaa, zikaondoka usiku wa kuamkia sikukuu. Kulia kulikuwa na adhabu yake. Mtoto anayelelewa akijua kwamba chake chaweza kutoweka wakati wowote hukua na hofu isiyotulizwa na wingi wa vitu.

Hali hii ya kununua bila kuweza kujizuia si ngeni kwa matabibu. Emil Kraepelin, daktari wa akili wa Ujerumani, aliieleza mwanzoni mwa karne ya 20, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inaitaja miongoni mwa matatizo ya kushindwa kuizuia misukumo. Utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, haukupima ununuzi, ila ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo uwezekano wa sonona na ulevi ulivyozidi ukubwani. Mimi sioni ajabu kwamba mwingine akakimbilia dukani badala ya chupa.

Dadangu anasema utulivu humjia pale muuzaji anapoitandaza leso mbele yake na kumsomea jina la leso hiyo, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Akishalipa kwa simu na kupanda matatu ya kurudi, moyo tayari umeanza kumwenda mbio. Ubongo husisimka zaidi kwa kukitazamia kitu kuliko kwa kukimiliki, na ndiyo maana zile doti hazikatwi. Aibu nayo huzidisha, kwani kila anapokaripiwa mbele ya watu, kesho yake hurudi dukani.

Tiba ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayotangulia tendo, huwasaidia wengi wenye tatizo hili, naye ameianza kwa mshauri nasaha. Mwisho wa mwezi hulipa kodi na karo kwanza, kisha huenda sokoni na pesa taslimu tu, simu akiiacha kwangu. Nimewaomba mashangazi waache kumkaripia. Mmoja wao, aliyeyajua yote yaliyokuwa yakitendeka nyumbani kwetu, ndiye anayemsindikiza kwa mshauri siku ambazo mimi niko kazini.