Gitaa kavu la Mikindani na maiki mbili

Kusi ilikuwa imeanza tulipokwenda Mikindani kumrekodi mzee mmoja, mpiga gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme. Sebule yake ilikuwa ya bati bila dari, sauti inagonga na kurudi. Tukasimamisha magodoro ya sufi nyuma ya kiti chake na nyuma ya maiki, tukazima feni, tukafunga dirisha la upande wa minazi. Joto likapanda, na nyuzi hulegea kwa joto, hivyo gitaa lilitiuniwa upya kabla ya kila wimbo.

Mwenzangu alipenda stirio pana, yaani sauti iliyotawanyika kushoto na kulia. Akaweka maiki moja ya kondensa (aina inayonasa sauti ndogondogo) mbele ya freti ya 12, yaani kile kipande cha chuma cha 12 shingoni, nyingine kwa mbali kidogo upande wa brij, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Kwenye hedifoni gitaa lilijaa chumba kizima. Mzee hakutaka hedifoni. Aliomba asikie kwenye simu yake, yenye spika moja.

"Wanangu, uzi huu wa kwanza mmeupeleka wapi?" Akaugonga kwa kucha kwenye freti ya 7, mara kadhaa, ili tusikie alichokosa.

Alikuwa sahihi. Tulipima kwa uzi wa kushonea kutoka kwenye gitaa: maiki ya pili ilikuwa mbali zaidi kwa sentimita 35. Katika joto lile sauti hukimbia karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo ilichelewa milisekunde 1. Ukizichanganya sauti za maiki zote mbili kuwa mono, yaani sauti moja kama ya spika ya simu ile, mawimbi ya hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde) yanakutana kinyume na kufutana, vivyo hivyo ya 1,500 na 2,500. Freti ya 7 ya uzi wa kwanza ni hezi 494. Mwenzangu akabonyeza kitufe cha kugeuza fezi, kinachopindua wimbi la maiki moja juu chini: noti ikarudi, besi ikakonda. Kitufe kile hakiondoi kuchelewa.

Basi tukazileta maiki pamoja, kichwa cha maiki moja juu ya kichwa cha nyingine, pembe ya digrii 90, sentimita 35 kutoka freti ya 12. Moja ilitazama shingo ya gitaa, nyingine brij. Tundu la gitaa tuliliepuka kwa sababu linavuma. Hapo sauti hufika kwenye maiki zote mbili kwa wakati mmoja, kushoto na kulia zikitofautiana kwa nguvu tu. Maiki za kukaa pamoja namna hiyo zimo kwenye hataza (haki ya uvumbuzi) ya Uingereza ya mhandisi Alan Blumlein, ya mwaka 1931. Upana hupungua, ni kweli. Mpango wa redio ya Ufaransa, wa kutenganisha maiki kwa sentimita 17 na pembe ya digrii 110, ungetupa nafasi zaidi, lakini ungebeba pia mwangwi wa bati.

Miguu ya kiti tuliichorea chaki, maana mzee akihama kidogo tu, gitaa zima linahamia spika moja. Vilele vya sauti, yaani pale inapokuwa kubwa zaidi, tukaviacha kwenye desibeli -12, chini ya kikomo cha kurekodia.

Akasikiliza tena kwenye simu ileile, freti ya 7 ikiwa mahali pake, akaomba maji ya kunywa na kuanza wimbo wa pili.