Siku moja kazini Mikindani: wazee wanapojipigia filamu ya mapenzi yao

Siku hii ni ya kurekodi Mikindani, mji mdogo wa pwani karibu na Mtwara, kusini mwa Tanzania. Mikutano, barua za vibali na mazoezi ya kushika kamera vimeshapita. Kupanga picha na kuonyesha kutafuata. Wanaorekodi ni wazee wenyewe, wenye miaka 60 na kuendelea, na mada ni ile ambayo watoto wao hudhani imeshafungwa: mapenzi, unyumba, wivu, upweke wa kufiwa, kuoa au kuolewa tena mvi zikiwa zimejaa kichwani. Sisi wa timu tunabeba vyombo, tunaonyesha vitufe, kisha tunakaa pembeni.

Wageni huuliza inakuwaje wazee wa Kusini wakubali kusema haya. Wanasema sana. Pwani hii ina makungwi wa unyago, na ina utani wa bibi na mjukuu anayeitwa "mume wangu" tangu yuko mgongoni. Kinachotutoa jasho ni kwamba neno la barazani huishia barazani, ila video husafiri mpaka kwa mkwe. Mambo mengi ya siku hii yamepangwa hivi yalivyo kwa sababu hiyo.

Saa 12 asubuhi

Vyombo vinakaguliwa Mtwara mjini kabla ya kutoka: simu janja tatu za mradi, stendi tatu, maiki mbili za kubana kwenye nguo, hedifoni, pawabenki mbili, diski mbili za kuhifadhia, kitambaa laini cha kufutia lenzi. Maiki ni za waya. Zisizo na waya zinapendeza, lakini chaji ikiisha katikati ya mazungumzo hakuna anayejua mpaka jioni.

Kila simu huwekwa hali ya ndege. Simu ikiita, kurekodi kunaweza kukatika, na mzee aliyekuwa anaeleza usiku wa mwisho na marehemu mkewe huwezi kumwambia arudie. Alama ya mahali kwenye kamera huzimwa, maana faili la video hubeba ndani yake nukta za ramani za nyumba lilikorekodiwa, hata kama uso hauonekani. Ubora tunaweka 1080p, fremu 25 kwa sekunde kama programu inaruhusu: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na ukirekodi kwa fremu 30 chini ya tyubulaiti picha mara nyingi hupepesa. Kwa ubora huo dakika moja hula kama MB 100 hadi 130, kwa hiyo GB 32 zinatosha saa nne hivi. Ubora wa 4K hujaza nafasi haraka mno na kompyuta ya kawaida hukwama wakati wa kuhariri. Achana nao.

Saa 1:30

Daladala hadi Mikindani, kilomita kama kumi. Kituo cha kwanza ni kwa mwenyekiti wa mtaa, hata kama barua ya manispaa ipo mkobani pamoja na kibali cha Bodi ya Filamu. Mada anatajiwa kwa jina lake. Timu inayosema "tunarekodi utamaduni" halafu ikaja kusikika inauliza habari za chumbani, siku ya tatu hufungiwa mlango, na ni haki yake.

Saa 2

Chai na vitumbua kwanza. Wanawake wanakaa uani, wanaume kwenye baraza ya mbele; vikundi vitachanganyika baadaye vikitaka vyenyewe.

Idhini huulizwa upya leo, ingawa iliulizwa juzi. Kuna duara tatu: kinachobaki ndani ya kikundi, kinachoonyeshwa kwa waalikwa, na kinachoweza kuonwa na yeyote. Kila mzee anaweka korosho mbele yake, moja, mbili au tatu kwa mpangilio huo, na anatamka uamuzi wake kwa sauti huku ikirekodiwa. Karatasi ya dole gumba ipo pia, lakini tusiitegemee peke yake: wazee wengi wamezoea kubandika dole kwenye kila karatasi inayotoka ofisini. Korosho zinaweza kuongezwa au kupunguzwa mpaka siku ya onyesho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya na za unyumba kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo hii si adabu tu.

Mjane aliye edani hafuatwi. Miezi minne na siku kumi zake ziheshimiwe, hata kama jirani zake wanaapa kwamba yeye ndiye mwenye hadithi. Na mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kupotea haingizwi kwa ruhusa ya watoto wake. Asubuhi anakubali, jioni hajui alikubali nini.

Saa 3

Hapa ndipo filamu inapotengenezwa, kamera bado iko mkobani. Wengi hawasomi, kwa hiyo hatuandiki hati. Mkeka unatandikwa, na kila tukio linawakilishwa na kitu: kikombe, kijiti, kipande cha kanga. Filamu ya dakika tatu hubeba vitu saba au nane. Vikizidi hapo kikundi kinatakiwa kitoe kimoja. Ubishi wa kitu gani kitoke ndio unaoonyesha filamu inahusu nini hasa.

Mfano wa leo kutoka uani: mama mjane ana mchumba wa rika lake, lakini wajukuu wanne wanalala chumbani kwake. Wajukuu kulala na bibi ni jambo la kawaida, ila ni nadra kutajwa kama kikwazo cha mapenzi. Utaionyeshaje bila kuonyesha miili? Hawakuhitaji msaada. Picha ya kwanza, kandambili jozi nne ndogo zimepangwa mlangoni, na moja kubwa. Ya pili, mikono inasuka ukili gizagiza, haina haraka. Ya tatu, msuli wa kiume umeanikwa kwenye kamba ya nguo pembeni ya kanga, halafu mkono unautoa haraka kwa kuwa watoto wanarudi shule.

Utupu haurekodiwi kabisa, hata kwa mzaha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani na picha za ngono. Nyimbo za unyago nazo ni za kungwi kuamua, na kwa kawaida anakataa. Baadhi zina mafumbo ambayo asiyepita jandoni au unyagoni hapaswi kuyasikia, na kamera haijapita popote.

Saa 4 hadi saa 6

Jua limeshakuwa kali. Msemaji anakaa kwenye kivuli cha baraza, uso ukielekea kwenye uwazi. Akigeuza mgongo barabarani, simu hupima mwanga wa barabara na uso wake unakuwa mweusi ti, bila macho. Gusa uso kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka kufuli la mwanga litokee.

Kidole chenyewe ni tatizo. Mikono iliyolima na kubangua korosho maisha yote hukauka, na kioo cha simu mara nyingi hakiitambui. Tumia kitufe cha sauti cha pembeni: kwenye simu nyingi ndicho kinachoanzisha na kusimamisha kurekodi, na tunakibandika utepe mwekundu. Kosa linalorudi zaidi ni la kugeuza: mpigaji anabonyeza mara mbili, anadhani anarekodi kumbe amezima, kisha anazima kumbe ameanza. Matokeo yake ni dakika kumi za video ya miguu na mkeka, na hadithi yenyewe haipo. Dawa ni msaidizi mmoja kutazama tarakimu zinazohesabu na kusema "inakimbia" kwa sauti.

Kwa mkono unaotetemeka, stendi. Stendi ikikosekana, viwiko mezani. Kila picha isiyo ya mazungumzo inashikwa kwa kuhesabu moja hadi kumi polepole. Wanaoanza hukatisha kwenye nne, na kipande cha sekunde nne hakihaririki.

"Mjukuu wangu, mbona mzee umemkata kichwa?" anauliza bibi aliyeshika zamu ya kuongoza.

"Shikamoo bibi, anayepiga ni babu, si mimi."

"Basi mwambie huyo mume wangu ashushe mkono."

Sauti ina shida zaidi ya picha. Maiki ikifichwa chini ya kanga, kila pumzi inakwaruza. Ibane juu ya nguo, kiasi cha upana wa kiganja kimoja na nusu chini ya kidevu, na mtandio usiifikie. Miezi ya kusi upepo wa bahari huvuma sana mchana, basi mazungumzo yahamie uani nyuma ya ukuta. Bati likianza kupigwa na mvua, acha. Mvua ya bati ni ngumu mno kuiondoa kwa programu. Lazima mtu mmoja avae hedifoni muda wote.

Anayeuliza ni mzee mwenzake wa jinsia ileile. Maswali yanaanzia mbali, "wapo wa rika letu ambao...", na msemaji ataingia "mimi" mwenyewe akiona vema. Wengine hawaingii, na kipande chao hakipungui uzito. Msemaji ana leso mkononi. Akiinyanyua, kamera inazimwa bila kuulizwa sababu. Akilia, usimsogezee lenzi. Huo ni ujambazi.

Asiyetaka kujulikana tusimdanganye kwa kuziba uso tu. Kijijini watu wanamtambua mtu kwa sauti, kwa kanga yake, kwa mlango wake, kwa namna anavyokaa. Kubadilisha sauti kwa programu pia si kinga, kunaweza kurudishwa nyuma. Njia salama ni maneno yake kusemwa na mtu mwingine juu ya picha za mikono, chombo au bahari, zilizopigwa nyumba nyingine.

Saa 6:30 mchana

Adhuhuri. Kila kitu kinazimwa. Baada ya swala, ugali wa muhogo na samaki, simu ziko kwenye chaji. Nauli na chakula hulipwa kwa wote sawa, aliyeongea na aliyenyamaza. Ukilipa hadithi, kesho utaletewa hadithi nono zaidi, na ya aibu zaidi.

Saa 8

Muuguzi anapitia kila kipande kinachotaja dawa au ugonjwa, kwa sababu filamu ya mzee huaminiwa kuliko bango la zahanati. Yanayojirudia: ukavu ukeni baada ya kukoma hedhi, ambao hutokana na kupungua kwa homoni ya estrojeni na una tiba; mafuta ya nazi, ambayo huharibu mpira wa kondomu, kwa hiyo kondomu iendane na kilainishi cha maji; na nguvu za kiume kupungua kwa sababu ya kisukari, presha au baadhi ya dawa za presha. Kauli moja hatuiachi ipite bila maelezo pembeni, ya kusifia vidonge vya dukani. Sildenafil, kidonge cha nguvu za kiume, ikichanganywa na dawa za moyo za kundi la nitrati huweza kushusha presha ghafla na kuua. Wazee wengi hawajawahi kuulizwa lolote juu ya haya. Hata utafiti wa taifa wa afya ya uzazi huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49.

Saa 10

Baada ya alasiri, kutazama. Wanawake kwanza, mlango umefungwa, kisha wanaume. Kila mtu anaona kipande chake kabla ya mwenzake yeyote. Kuwarudishia watu picha zao kwanza si jambo geni: lilifanywa kisiwa cha Fogo huko Kanada mwaka 1967, na hapahapa Mtwara miaka ya 1990, enzi za mradi wa maendeleo vijijini wa RIPS, wavuvi walitumia video kujadiliana juu ya baruti.

Akisema "toa", kinatolewa hapohapo akiona. Kumbuka kwamba simu nyingi huweka kilichofutwa kwenye folda ya pembeni kwa siku 30. Ifungue na uifute nayo. Korosho zinahesabiwa tena. Mara nyingi idadi hubadilika baada ya mtu kujiona, na si lazima ipungue: wapo wanaotoka na moja wakafika tatu.

Saa 12 jioni hadi saa 3 usiku

Mjini tena. Video zinanakiliwa kwenye diski mbili, zilizofungwa kwa nywila, zinazolala nyumba mbili tofauti. Jina la faili ni tarehe, namba ya msemaji na idadi ya korosho. Jina la mtu haliandikwi popote kwenye diski. Waliozungumza Kimakonde wanatafsiriwa usiku huuhuu sauti ikiwa bado masikioni, na dakika tano za mafumbo humaliza saa nzima. Maandishi chini ya picha hayawafai wasiosoma, hivyo tafsiri itasomwa na bibi mwingine wa kikundi. Picha ndogo za kila tukio zinatumwa studio zikachapishwe kwa ajili ya kupangwa mkekani.

Kila faili linafunguliwa na kusikilizwa mwanzo, katikati na mwisho, kwenye diski zote mbili. Ndipo simu zinafutwa.