Kumbh Mela kwa macho ya bibi afya wa Kigoma

Nikifika mahali penye watu wengi, iwe msibani, mnadani au kwenye mkutano wa kampeni, kitu cha kwanza ninachotafuta kwa macho ni vyoo. Halafu maji. Halafu njia ya kutokea. Nimestaafu kazi ya afya ya mazingira hapa Kigoma, lakini tabia hiyo haijaniacha wala sitaki iniache.

Ndiyo maana Baa aliporudi kutoka India mwaka 2025 na kuanza kunisimulia Kumbh Mela, nilimsikiliza kwa namna ambayo pengine hakuitarajia. Baa ni mama wa Kihindi mwenye duka la vitenge hapa mjini. Wateja humwita Baa, wajukuu humwita Baa, hata wabeba mizigo wanaopita na matenga humwita hivyo hivyo. Babu yake alitoka Gujarat, akaanzia Tabora, kisha akaifuata reli mpaka huku inakoishia ziwani. Baa amezaliwa Tabora, na Kiswahili chake ukikisikia umefumba macho utasema ni mama wa Ujiji.

"Shikamoo Baa, pole na safari."

"Marahaba mwanangu. Njoo ukae, leo nina habari zako wewe."

Habari zenyewe zilikuwa za vyoo.

Nieleze kwanza Kumbh ni nini, maana wengi wetu tuliona picha tu kwenye simu. Wahindu wanasimulia kwamba miungu na majitu waliisukasuka bahari ya maziwa ili watoe amrita, kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ukawa mpekecho, nyoka Vasuki akawa kamba, upande huu wakavuta hawa, upande ule wale. Amrita ilipotoka ikiwa ndani ya chungu, wakaigombania, na matone yakadondoka mahali panne duniani: Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik. Pote pana mto. Kila mahali hupata zamu yake kwa mzunguko wa takriban miaka 12, kwa kufuata mwendo wa sayari ya Jupita pamoja na jua na mwezi. Wakati huo ukifika, mwumini anayeoga mtoni anaamini dhambi zake zinaondoka na roho yake inakaribia kufunguliwa kutoka katika kuzaliwa na kufa tena na tena.

Kuna kipande cha kisa hiki ambacho Baa alikisema harakaharaka, mimi nikamwomba akirudie. Kabla amrita haijatoka, kilichotangulia kutoka baharini kilikuwa sumu, sumu kali ya kuangamiza kila kitu. Wote wakaikimbia. Shiva ndiye aliyeinywa, akaizuia kooni isishuke, na koo lake likageuka rangi ya buluu. Nilimwambia Baa kwamba hicho ndicho kipande changu. Mimi ni Mwislamu na sina sehemu katika ibada ile, lakini hapo niliielewa kazi yangu ya maisha yote: kuna mtu lazima aishughulikie sumu kabla wengine hawajanywa.

Prayagraj, mji ulioitwa Allahabad mpaka mwaka 2018, uko pale mto Ganga unapokutana na Yamuna. Wahindu wanaongeza mto wa tatu, Saraswati, ambao macho hayauoni. Mahali hapo panaitwa Sangam. Baa anasema ukiwa kwenye mtumbwi unaona kabisa mpaka wa maji: Ganga yake imepauka kwa udongo, Yamuna ina ukijani. Ndege weupe wa maji wanaohamia huko wakati wa baridi huzunguka juu ya vichwa vya watu, na wenye mitumbwi huwatupia chakula. Pale Baa alizama, akaibuka, akazama tena, akachota maji kwa viganja akayamimina kuelekea jua, akataja majina ya wazazi wake na ya babu yake yule wa Tabora. Alipofika hapo katika kusimulia alinyamaza kidogo, nami nikamwacha.

Kilichonishika zaidi ni mji wenyewe. Sehemu kubwa ya uwanja wa Kumbh ni kitanda cha mto. Masika yao yakija, kuanzia Juni au Julai, yote huwa chini ya maji. Mto ukishapungua, panabaki mchanga na tope, na ni katika miezi michache tu ndipo mji wa mahema hujengwa pale: nguzo za umeme, mabomba ya maji, hospitali, vituo vya polisi, barabara za mabamba ya chuma yaliyolazwa juu ya mchanga, na madaraja yanayoelea juu ya mapipa makubwa ya chuma. Mwaka 2025 madaraja hayo yalikuwa 30, eneo lilikuwa hekta 4,000, na serikali ya jimbo la Uttar Pradesh iliufanya uwanja ule kuwa wilaya kamili ya muda. Sherehe ikiisha vinang'olewa vyote, na msimu ukizunguka mto unarudi kulala mahali pake.

Ndani ya mji huo wapo wanaoitwa kalpavasi, wengi wao wazee wa vijijini. Hukaa mchangani mwezi mzima wa Magha wa kalenda ya Kihindu, hulala chini, hula mlo mmoja kwa siku na kuoga mtoni alfajiri kwenye baridi. Baa aliwapenda hao kuliko wale watawa wa Naga waliojipaka majivu ambao kamera zote ziliwakimbilia. Alipewa chai na bibi mmoja aliyepanda mrehani nje ya hema lake. Hawakujua lugha moja vizuri, maana Kihindi cha Baa ni cha kuokoteza, na bado walikaa mpaka chai ikapoa.

Sasa vyoo. Serikali ilisema imeweka 150,000. Ni kazi kubwa na mwenye kuibeza hajawahi kuchimba hata kimoja kwenye mchanga wenye maji karibu. Lakini nilichukua kalamu palepale dukani. Siku kubwa kuliko zote, tarehe 29 Januari, siku ya giza la mwezi wanayoiita Mauni Amavasya, serikali hiyohiyo ilitangaza kwamba walioga watu zaidi ya milioni 70. Gawanya: watu zaidi ya 460 kwa tundu moja. Sisi kwenye dharura tunafundishwa kuanzia tundu moja kwa watu 50, kisha kushuka hadi 20. Kweli si wote waliokuwa pale kwa saa moja, na wengi walioga wakaondoka. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno, na inakwenda mtoni. Mwezi Februari taasisi ya India inayosimamia udhibiti wa uchafuzi iliripoti kuwa bakteria wa kinyesi kwenye maji ya Prayagraj walizidi kiwango cha maji ya kuogea. Viongozi wa jimbo walikataa, wakasema maji yanafaa hata kunywa.

Baa hakukasirika nilipomwambia. Alisema, "Ganga ni mama. Mama akichafuka, hukomi kumwita mama." Nikamwambia basi mwanaye amwogeshe. Akasema, "Hapo tumeelewana."

Nina sababu ya kusema hivi. Mei 2015 nilikuwa Kagunga. Wasioujua mpaka wetu na Burundi huenda hawaijui Kagunga: kijiji kilichobanwa kati ya mlima mkali na ziwa, mpakani kabisa. Makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walishuka pale katika wiki chache. Hapakuwa na barabara ya gari. Hapakuwa na vyoo vya watu wale. Ziwa ndilo lilikuwa bomba, bafu na choo. Kipindupindu kilipoingia, kilikwenda kasi kuliko sisi. Liemba, meli ile ya Wajerumani iliyozinduliwa hapa Kigoma mwaka 1915, ilitia nanga mbali kwa sababu hakuna gati, na watu wakapelekwa kwa mitumbwi, mgonjwa na mzima, takriban 600 kwa safari moja, mpaka Kigoma mjini na uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilikuwa natia klorini kwenye ndoo na kusikia akina mama wakiniuliza, "Dada, maji yote haya, mbona tunakufa kwa maji?" Sijalisahau swali hilo na sitalisahau.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba watu wakikusanyika kwa imani Mungu atawalinda na bakteria. Waliokusanyika Haridwar mwaka 1867 walikuwa na imani tele, na kipindupindu kilirudi nao nyumbani kote kaskazini mwa India. Nasema hayo nikijua ya kwetu pia. Septemba 2015, miezi michache tu baada ya Kagunga, mahujaji walikanyagana Mina, karibu na Makka, wakiwa njiani kwenda kwenye Jamarat, zile nguzo zinazopigwa mawe, wakafa kwa mamia, Watanzania wakiwamo. Mimi nililia, na katika kulia nikawasikia jamaa wakisema ni kadari, yamekwisha. Kadari naiamini. Lakini upana wa njia ni wa kupimwa kwa futi, na aliyeufunga mlango ana jina.

Na Prayagraj yakatokea hayohayo. Alfajiri ya ile tarehe 29 Januari watu walikuwa wamelala karibu na Sangam wakisubiri saa njema ya kuoga. Wimbi la watu lililokuja nyuma likavunja vizuizi na kuwakanyaga waliolala. Serikali ilitaja watu 30 waliokufa. Tarehe 15 Februari wengine 18 walikufa kwenye kituo cha treni cha New Delhi wakiwania treni za kwenda huko. Na si mara ya kwanza: mwaka 1954, Kumbh ya kwanza ya mji huo baada ya uhuru wa India, walikufa mamia; mwaka 2013, kituo cha treni cha Allahabad, 36.

Baa alifika baadaye, siku zisizo za kilele, kwa sababu mwanaye alikataa katakata kumpeleka siku kubwa. Hata hivyo walitembea sana, magari yalikuwa yamezuiwa mbali. Akina mama waliokuwa mbele yao walikuwa wamefunga pindo za sari zao pamoja, kumi kwa mfululizo, wasipoteane. Kila kundi la kijijini lilikuwa na mtu wa mbele mwenye fimbo ndefu yenye kitu juu yake: kitambaa chekundu, chupa, mdoli. Unatazama juu, unafuata mdoli wako. Na vipaza sauti mchana kutwa vilitaja majina ya waliopotea. Huduma hiyo ya kuwaunganisha waliopoteana ilianzishwa na watu wa kujitolea mwaka 1946, na bado ipo, sasa pamoja na kompyuta na kamera. Baa alimwona mzee akipokelewa na mjukuu wake pale. Mzee hakujua namba ya simu ya mtu yeyote, alijua jina la kijiji tu, na lilitosha.

Hao wa vipaza sauti, na wale maelfu ya wafagiaji waliokuwa wakipita na fagio na mapipa, kwangu ndio walioibeba Kumbh. Wengi wa wafagiaji India hutoka katika matabaka ambayo kwa karne nyingi yaliambiwa ni najisi. Mwaka 2019, palepale Prayagraj, Waziri Mkuu Narendra Modi aliwaosha miguu watano kati yao mbele ya kamera. Nilipoiona picha hiyo nilifurahi kwa dhati. Baadaye nikatazama tena miguu ile nikatafuta mabuti. Mimi nimewaongoza vijana wa kuzoa taka Mwanga na Kibirizi hapa Kigoma, najua glavu zinaisha lini na bajeti ya kununua nyingine inakwama wapi. Anayesafisha mahali pa ibada anastahili malipo yanayofika kwa wakati, glavu, mabuti na chanjo, na akipata nafasi aoge naye siku ile ile kubwa, pamoja na wakubwa.

Baa aliniletea kichupa cha shaba kilichozibwa, maji ya Ganga. Kwao huwekwa nyumbani, na mtu akiwa katika saa zake za mwisho hutiwa tone mdomoni. Aliniambia, "Usinywe, najua hutakunywa. Weka tu." Nimekiweka kabatini pamoja na picha za kazini. Ni zawadi kubwa na naijua thamani yake.

Sasa mwanaye ameanza kuzungumzia Nashik, ambako zamu inaangukia mwaka 2027 kwenye mto Godavari, kisha Ujjain mwaka 2028 kwenye mto Shipra. Anataka kuwapeleka watoto. Nashik inanitia wasiwasi kuliko Prayagraj, kwa sababu pale hakuna kitanda kipana cha mchanga. Watu hushuka kuelekea bwawa la Ramkund kupitia vichochoro vya mji wa zamani, na mwaka 2003 walikufa 39 katika njia ya namna hiyo. Nimemwandikia karatasi. Aende siku ya kawaida. Watoto waandikwe namba ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika. Wakubaliane mahali pa kukutana kabla ya kuingia. Akiona watu wamemgusa pande zote nne na bado wanaongezeka, atoke kwa ubavu, asisubiri kuona mto. Chumvichumvi za kuongeza maji mwilini ziwe mfukoni, na maji ya kunywa yawe ya kuchemsha, ya mto yawe ya kuoga.

Baa aliisoma karatasi yote, akaikunja, akaiweka kwenye droo ya pesa. Kisha akaniuliza kama ninaweza kuja Jumapili kuwasomea wajukuu mwenyewe, maana baba yao akisema hawasikii. Nimekubali.