Alasiri Waliyomhukumu Sansa

Kitabu kiliingia nyumbani kwetu Mkomani, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), kikiwa hakina jalada. Mjomba alifanya kazi katika nyumba moja ya wageni kule Shela, na mgeni fulani alikiacha chini ya kitanda. Kilikuwa A Game of Thrones cha George R. R. Martin, kilichotoka 1996, na siku hizo televisheni ilikuwa bado haijakigusa. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, likizoni.

Baada ya alasiri Bibi, shangazi na majirani walikaa uani kushona kofia, nami nikawasimulia kwa Kiswahili niliyoyasoma asubuhi. Nilianza na nilichokiona kitamu: ukuta wa barafu, mbwa mwitu, mayai ya joka. Bibi aliuliza kama barafu hiyo haiyeyuki, akarudi kwenye sindano yake. Walichokitaka ni nani kamuoa nani, nani kalelewa kwa nani, na yupi mama yake hajulikani. Bibi hata vita vya Shela, pale watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walipoijia Amu mwanzoni mwa karne ya 19, alivisimulia kwa kutaja wakwe. Ramani iliyo mwanzoni mwa kitabu hakuna aliyeomba kuiona. (Kurasa za mapenzi ya malkia na nduguye niliziruka. Shangazi alijua kuna kitu nimekiruka.)

Basi ikafika zamu ya Eddard Stark, bwana wa kaskazini. Kila sura ya kitabu kile imepewa jina la mtu, na jina lake lilikuwa limejirudia mno hata nikaamini hafi. Anatolewa gerezani, anakiri mbele ya umati uhaini ambao hakuutenda ili binti zake wasalimike. Sansa, binti mkubwa, keshamwombea huruma kwa mchumba wake, Joffrey, mfalme kijana. Joffrey anaamuru akatwe kichwa, tena kwa upanga wake mwenyewe Eddard.

“Yeo hashoni mtu,” shangazi akasema. “Nani aliyetoa siri?”

Nikawaeleza. Eddard alipanga kuwarudisha binti zake kwao kimyakimya. Sansa akaenda kumwambia malkia, mama yake Joffrey, maana alitaka kubaki aolewe na Joffrey.

“Mtoto wa Liyongo huyo!”

Hapo sikuhitajika tena. Kila aliyekuwa uani aliijua habari ya Fumo Liyongo, aliyedungwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa, kwa ahadi ya kuozwa binti wa sultani. Kwa shangazi kesi ilikuwa imekwisha: arusi ya kifalme kule, arusi ya kifalme huku, na baba kazikwa.

Bibi hakukubali. “Yule alimuuliza babake kitu gani kinachomuua, akajibiwa, akenda akakileta. Huyu kauliza nini? Ana miaka mingapi?”

“Kumi na mmoja, Bibi.”

“Wa miaka kumi na mmoja anajua siri ya nyumba haivuki mlango,” shangazi akadakia.

Jirani aliyekuwa kimya akasema kosa ni la baba. Kawaambia watoto wanaondoka, hakuwaambia wanamkimbia nani. Tena kabla ya hapo alimwendea malkia mwenyewe, akamwambia siri yake anaijua! Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Alimpenda Eddard, lakini alimwona hana akili ya mjini.

Miaka baadaye nilisoma kwamba Martin alichota kwenye vita vya Uingereza vya 1455 hadi 1487, jamaa wa York na wa Lancaster wakigombea kiti kimoja. Uani kwetu hilo lisingemshangaza mtu. Adhana ya magharibi ndiyo iliyowatawanya, na mlangoni bado walikuwa wakibishana.

Kesho yake walikuja mapema. Nikafika Sansa anapopandishwa juu ya ukuta wa ngome, Joffrey anamlazimisha akitazame kichwa cha baba yake kilichochomekwa pale juu. Joffrey amesimama ukingoni, chini ni mbali, na Sansa anawaza kwamba msukumo mmoja tu ungetosha.

“Msukume!” shangazi akapiga kelele. “Msukume, mwanangu!”

Nikaendelea: mlinzi mmoja akapiga goti katikati yao, akaanza kumfuta Sansa damu mdomoni.

Shangazi akaitupa kofia. “Na huyo naye kaitwa na nani?”