Mpunga Wangu Mmeulelea Chupa Ipi?

Juzi nilimpeleka mwanangu kituo cha afya kuchanjwa, na muuguzi alipompangusa mkono kwa spiriti nikajiona tena katika kile chumba chetu kidogo cha maabara, kibano mkononi, nikingoja ncha yake ipoe baada ya kuipitisha motoni. Kila kitu mle kilinuka spiriti, hata kanga niliyorudi nayo nyumbani jioni. Fikra haikukaa mle ndani kwa muda mrefu. Ilikwenda hadi Pemba, kwenye siku ile ya bondeni.

Hayo ni ya kabla sijaingia kwenye mambo ya karafuu. Tulikuwa tukizalisha miche ya mvinje, ule mti wa pwani wenye vijitawi vyembamba, kwa njia ya tishu: kipande cha kitawi husafishwa, huwekwa katika chupa yenye jeli ya agari, sukari, madini na homoni, na chipukizi likirefuka hukatwa tena vipande, hata mti mmoja uzae mamia ya miche inayofanana nao. Sisi tuliongeza chumvi, tupate miche itakayoivumilia. Chupa nyingine tulizitia milimole 50 kwa lita, nyingine 100, nyingine 200, ambazo ni kama gramu 12 za chumvi, theluthi hivi ya ile iliyomo katika lita ya maji ya bahari. Kwenye 200 vichipukizi viliungua kuanzia nchani. Kwenye 100 vingi vilisimama, vifupi lakini vya kijani, na hivyo ndivyo tulivyovitoa mizizi, tukavihamishia kwenye udongo uliochanganywa na ule wa chini ya mivinje mikubwa ya pwani, kwa kuwa bakteria wa Frankia, wanaoupatia mti huo naitrojeni, hawamo chupani. Tukavifunika kwa nailoni mpaka vizoee hewa kavu, kisha tukapanda boti hadi Mkoani.

Bonde lenyewe lilikuwa la mpunga, na bahari ilikuwa imeanza kuliingia. Siku chache kabla ya sisi kufika, maji ya bamvua yalikuwa yamepanda yakapita juu ya tuta. Bibi mwenye kipande kile alitupokea, tukaamkiana, nami nikachomeka kipimo cha chumvi katika maji yaliyotuama. Kabla sijasoma, yeye aliinama, akachovya kidole, akaonja, akatema pembeni.

"Leo si kali," alisema. "Juzi ungeitema kabla haijagusa ulimi."

Kipimo kilionyesha desisiemeni 8 na kitu kwa mita, na mpunga huanza kupunguza mavuno ukivuka 3 hivi; kwa hiyo hiyo isiyo kali ilikuwa tayari imekwisha kuuhukumu mpunga. Bibi aliuchukua mche mmoja, akaugeuzageuza, akavishika vijitawi vyake vyembamba kama mtu anayekagua kitambaa dukani, akauliza ulizaliwa wapi. Nikamweleza habari ya chupa, na kwamba umelelewa na chumvi tangu mdogo.

Akacheka. "Kama ng'onda!" alisema, yaani samaki aliyetiwa chumvi akakaushwa. Kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Na mpunga wangu, mwanangu, mmeulelea chupa ipi?"

"Bibi, mradi huu ni wa miti tu."

"Basi mmekuja kunambia bonde limekwenda."

Mwenzangu alijishughulisha ghafla na chepe. Mimi nikaanza kumhesabia faida: mvinje hukua haraka, utazuia upepo, mizizi itashika tuta, baada ya miaka michache atapata fito na boriti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, na yote niliyosema aliyajua zamani kuliko mimi. Akaturuhusu kupanda juu ya tuta, mstari mmoja, wala si hatua moja ndani ya shamba. "Humu hapana," alisema. "Bahari ikirudi nyuma, nataka ipajue kuwa pa mpunga."

Tukapanda pale alipotuonyesha.

Kiangazi cha kwanza kiliua miche mingi, na sababu yake ilieleweka: chupani hewa ni ya unyevu, mmea hunywa kidogo sana na chumvi hupanda polepole, lakini juani kila funda la maji huja na chumvi yake. Iliyobaki ilitupita kimo. Tatizo ni kwamba jirani alikuwa amepanda kwenye tuta lilelile mivinje ya mbegu za kuokota ufukweni, ambayo haikuonja jeli wala homoni, na nayo ilisimama vilevile. Mstari mmoja haumalizi hoja. Njia ya tishu bado naiamini, kwa kuwa mti mmoja uliothibitika kuvumilia unaweza kuzidishwa bila kupoteza sifa zake, jambo ambalo mbegu haiwezi kuahidi. Nisichoweza kusema ni kama tuliupata mti huo, wala kama palikuwa mahali pake.

Nilipita tena huko baadaye. Bibi alikuwa amekata fito za kutengenezea banda la mbuzi, tuta lilikuwa limeinuliwa kwa majembe ya wanakijiji, na upande wa juu wa bonde ulikuwa na mpunga tena, wa kijani, bado haujatoa masuke. Nilitaka kumuuliza kama msimu uliopita alivuna chochote, lakini nikaona ningoje aanze yeye. Hakuanza, na tukaishia kuzungumza bei ya karafuu.